Mgombea wa Tatu Alikuwa Kura Iliyoharibika

Ndugu msomaji, kama na wewe ulijiandikisha kupiga kura hapa chuoni, halafu chuo kikachelewa kufunguliwa na Oktoba 25 ikakukuta kwenu Kasulu au Tarime, pole sana. Mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja yumo kwenye kundi hilo. Kadi anayo, mpya kabisa, haijapinda hata kona. Anasema ataitumia kutolea hela kwa wakala ili angalau imfae kwa kitu. Mimi nilipata bahati iliyotokana na balaa: mashine za BVR zilipopita kwetu nilikuwa nimerudi nyumbani kwa msiba, nikapanga foleni pamoja na ndugu waliokuja kuzika, nikaandikishwa Nanganga. Ndiyo maana leo naandika kama mpiga kura na si kama mtazamaji.

Kwa wasioijua, Nanganga unaipita ukitoka Masasi kwenda Lindi au Mtwara, baada ya Ndanda. Pana njia panda ya kwenda Ruangwa, pana vijana wanaokimbilia madirisha ya mabasi na korosho za kukaanga, na pana vumbi la kutosha. Bonde la mto Lukuledi ndilo letu. Uwanda wa Wamakonde unainuka kwa upande wa kusini, na juu huko ndiko Newala. Wilaya yetu ya Masasi imeshatoa Rais mmoja, Mzee Benjamin Mkapa wa Lupaso, kwa hiyo watu wetu wakizungumza habari za Ikulu huzungumza kama vile ni nyumba ya jirani aliyehama.

Nina jambo moja la kusema, nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimekuja kuchekesha tu. Wiki ile ya matokeo kicheko ndicho kilichotupitisha salama. Lakini kicheko hichohicho kidogo kinifanye nisiione hesabu iliyokuwa muhimu kuliko zote. Naanza na kicheko.

Nyumbani kwetu tulikuwa na vyama viwili chini ya paa moja. Mama mdogo ni CCM wa damu, kanga ya kijani, kofia ya njano, na "Hapa Kazi Tu" mpaka anapokuna nazi. Mjomba ni UKAWA. Tangu Agosti alikuwa anazungusha mikono ile ya mabadiliko kila akisalimiwa. Ukimwambia shikamoo, anazungusha mikono kwanza, marahaba inakuja baadaye. Katikati yao yupo bibi, mama yao wote wawili, ambaye kazi yake kubwa kwa miezi miwili ilikuwa kuwakumbusha kwamba chungu cha mbaazi hakina chama.

Siku mbili kabla ya uchaguzi kukawa na ile habari ya mita 200. Wapinzani walitaka watu wakishapiga kura wakae umbali huo kulinda kura. Mahakama Kuu ikaamua kwamba mtu akishapiga kura aende zake nyumbani. Mjomba akapata tatizo la kisheria. Kutoka shule iliyokuwa kituo chetu hadi chini ya mwembe wa kahawa alipopanga kukaa ni hatua zaidi ya mia mbili, alizihesabu mwenyewe. Lakini nyumbani kwake ni kama hatua mia moja na hamsini.

"Sasa mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa tunaitana mjomba wote wawili, "nikitii mahakama nakuwa nimesogea karibu zaidi na kituo. Wewe msomi, hapo sheria inasemaje?"

Nikamwambia mimi nasoma ualimu, Kiswahili na Historia, sheria siijui. Akasema chuo ni chuo.

Basi tukapiga kura, Jumapili, foleni kuanzia kabla ya saa moja asubuhi. Sitasema nilimpigia nani. Nitasema tu kwamba nilikuwa na miaka 22 na ilikuwa mara yangu ya kwanza, na mkono ulinitetemeka kuliko nilivyotetemeka kwenye mtihani wa kidato cha sita. Kituo kilisimamiwa na mwalimu aliyenifundisha darasa la tano, yule aliyekuwa akituchapa kwa kukosea kugawanya. Vituo vilifungwa saa kumi jioni, wakaanza kuhesabu ndani. Usiku fomu ya matokeo ya kituo ikabandikwa nje, mwandiko wa mwalimu wangu uleule wa ubaoni, herufi zimesimama kama askari. Watu tukaisoma kwa tochi za simu. Hakuna aliyebishana na hesabu. Mtu mmoja alisema, "Huyu mwalimu alinichapa kwa sababu ya moja tu iliyozidi, hawezi kukosea." Tukacheka, tukaenda kulala.

Yaani tulijidanganya kwamba tunakwenda kulala.

Wenzetu duniani wana usiku wa matokeo. Uingereza Mei 2015 vituo vilifungwa saa nne usiku kwa saa zao, makadirio yakatangazwa papo hapo, na kesho yake watu walishajua nani yupo nani hayupo. Sisi hatuna usiku wa matokeo, sisi tuna wiki. Tume ilianza kutangaza matokeo ya urais Jumatatu, jimbo moja moja, kutoka ukumbi wa Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam. Majimbo yalikuwa 264. Jaji Damian Lubuva alisoma taratibu, bila haraka, kama mzee anayesoma majina ya waliochangia harusi na anataka kila mtu asikie mchango wa mwenzake.

Na unajua majimbo ya kwanza kabisa yalikuwa yapi? Makunduchi na Paje za Zanzibar, na Lulindi. Lulindi ya kwetu! Lulindi ya Masasi! Pale kwenye banda lenye televisheni watu waliruka kama Taifa Stars imefunga. Magufuli alikuwa anaongoza huko, mama mdogo akapiga vigelegele, lakini hata mjomba alifurahi, kwa sababu nyingine. "Tumetangulia taifa zima," akasema. "Barabara tunakuwa wa mwisho, maji wa mwisho, lakini kuhesabu? Wa kwanza!"

Hapo ndipo nilipopewa kazi. Mimi ndiye msomi, nihesabu. Nikatafuta karatasi. Karatasi kubwa pekee zilizokuwepo ni mabango ya wagombea, nyuma ni meupe. Nikachukua moja. Mjomba akagoma, haiwezekani kura za Lowassa ziandikwe kwenye mgongo wa CCM. Nikachukua la upande wa pili, mama mdogo akasema yeye hakai kwenye banda hilo. Tukamaliza ugomvi kwa mfuko wa saruji uliokuwa mtupu. Nikaupasua, nikaugeuza, nikaandika kwa mkaa: jimbo, Magufuli, Lowassa, wengineo. Nikawa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, tawi la Nanganga.

Kazi ya kwanza ya tume yangu ilikuwa kutuliza watu. Baada ya majimbo matatu, upande mmoja ukawa umeshashinda, wanataka pilau. Upande wa pili ukawa umeshaibiwa. Nikawauliza: likija gari na magunia 264 ya korosho, mkafungua matatu ya nyuma, mkakuta korosho nzuri, mtalipia gari zima daraja la kwanza? Wakasema haiwezekani, kuna watu wanaweka nzuri nyuma na mawe katikati. Nikasema basi na haya ni magunia matatu, tulieni. Hawakutulia, lakini walielewa. Mzee mmoja akaniambia, "Hapo sasa umefundisha." Nakiri kwamba katika miaka miwili na ushee ya kusomea ualimu sijapata alama iliyonifurahisha kama ile.

Jumatatu na Jumanne zikawa za uvumi. Shemeji yangu mmoja yuko Mbagala, alinitumia ujumbe mmoja unaompa Magufuli ushindi, na baada ya robo saa akanitumia mwingine unaompa Lowassa. Nikamuuliza shemeji, wewe uko wapi hasa? Akajibu, "Mimi nasambaza tu." Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao imeanza kutumika tangu Septemba 1 na kuna watu wameshafikishwa mahakamani kwa ujumbe kama huo. Kuanzia hapo kila ujumbe wake ulianza na maneno "nimeota kwamba".

Matokeo ya ubunge yalikuwa yanatangazwa huko huko majimboni, kwa hiyo yalitufikia kwa vipande, mengine kwa makondakta wa mabasi. Basi la kutoka Masasi likisimama, kondakta anauliza abiria wa Ruangwa, sisi tunamuuliza matokeo. Kwenye jimbo letu la Ndanda akatangazwa Cecil Mwambe wa CHADEMA. Mjomba alizungusha mikono mpaka nikaogopa bega litateguka. Tandahimba wakaenda CUF, Mtwara Mjini CUF. Newala Mjini akabaki Mzee Mkuchika wa CCM. Kwa jirani zetu wa Mtama akapita Nape Nnauye, yule wa "goli la mkono", na watani wakaanza kuuliza kama refa alikuwepo. Kutoka mbali tukasikia Bunda Mjini Ester Bulaya kamwangusha Stephen Wasira, habari ambayo tuliomba irudiwe mara tatu ndipo tukaiamini.

Masasi Mjini hawakuwa na mbunge wa kumshangilia wala wa kumzomea. Mzee Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa NLD aliyekuwa akigombea huko, alifariki Oktoba 15 katika hospitali ya Nyangao, mbele kidogo tu ya kwetu, na uchaguzi wa ubunge ukaahirishwa. Kuhusu hilo hakuna aliyetania, na nalisema kwa sababu watu wa mjini hudhani watu wa kijijini tunataniana juu ya kila kitu. Tuna mipaka.

Ila ndani ya mipaka, ni ruksa. Huku kwetu Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera tumekaa kwa kutaniana tangu enzi. Mtani anaweza kukuambia kwenye msiba wa baba yako maneno ambayo ndugu yako hathubutu kukuambia kwenye harusi. Na wiki ile niliona kazi yake. Jumanne jioni vijana wawili, mmoja wa kijani na mmoja wa UKAWA, walianza kushikana mashati. Muuza kahawa, ambaye ni mtani wa wote wawili, akawamwagia maji ya kuoshea vikombe, akasema, "Nimefuta matokeo ya hapa, uchaguzi unarudiwa." Watu wakacheka, vijana wakaachana. Hakuja askari, hakuja mwenyekiti wa kijiji, ni maji ya vikombe tu.

Kesho yake, Jumatano, utani ule ukatugeukia. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kufuta uchaguzi wa Zanzibar. Banda zima likamgeukia muuza kahawa kana kwamba ndiye aliyeleta nuksi. Yeye mwenyewe hakucheka. Mzee mmoja akauliza swali ambalo sijaweza kulijibu mpaka leo: watu walewale, siku ileile, kura zao za Rais wa Muungano ni nzima, na za Rais wa Zanzibar zimefutwa. Imekuwaje? Nikasema ni tume mbili tofauti. Akasema, "Tume mbili, sawa. Na watu je, ni wangapi?"

Alhamisi Oktoba 29 yakaja matokeo kamili. John Pombe Magufuli kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46. Edward Lowassa kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97. Mama mdogo alicheza mpaka kanga ikadondoka. Mjomba alikaa kimya. Lowassa alishasema hakubaliani na matokeo, na mjomba naye hakukubaliana. Nilimheshimu kwa hilo, na nilimheshimu zaidi kwa alichofanya baadaye, maana muuza kahawa alimwambia, "Mikono hiyo usiitupe, kesho tunaokota korosho," na mjomba, baada ya muda kidogo, akacheka. Bibi akasema kila mtoto wake kapata nusu: mmoja Rais, mmoja mbunge, sasa waje wale.

Sasa nije kwenye ile hesabu.

Usiku ule baada ya chakula nikawa namalizia mfuko wangu wa saruji. Wagombea urais walikuwa wanane. Ukiwatoa hao wawili wakubwa, anayefuata ni Mama Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, kura 98,763. Ukiwajumlisha wote sita waliobaki, nilijumlisha mara mbili, unapata kura 238,079. Halafu kuna mstari wa kura zilizokataliwa: 402,248.

Nikaanza kucheka peke yangu. Nikawaita. "Jamani, mgombea wa tatu ni kura iliyoharibika! Kawapita wote sita kwa pamoja!" Hapo kicheko kikawaka upya. Mheshimiwa Imeharibika! Chama chake kipi? Nembo yake nini? Mjomba akasema laiti wangemchukua huyo UKAWA. Mama mdogo akasema kampeni hakufanya, helikopta hakupanda, na kapata laki nne. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza.

Bibi hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anachambua mbaazi. Akasema, bila kuinua kichwa, "Hata mimi nimo humo."

Tukanyamaza. Mjomba akauliza, umo wapi mama? Akaeleza. Alipoingia kwenye kile kibanda cha kupigia kura alikuta picha. Akamkumbuka binti yake aliyemwomba sana amchague huyu, na akamkumbuka mwanawe aliyemwomba sana amchague yule. "Nikawapa wote wawili alama," akasema. "Huyu moja, na huyu moja. Nisimuudhi mtu. Mimi ni mama yenu wote."

Kwa sekunde chache mtu unataka kucheka, maana ni kichekesho kweli, kura imegawanywa kama urithi. Lakini hakuna aliyeweza. Bibi aliamka saa kumi alfajiri siku ile. Alitembea na fimbo yake, alisimama kwenye foleni akakataa kupitishwa mbele, akasema na yeye ni mtu kama watu wengine. Akachovya kidole kwenye wino. Na alichokuja kutuambia ni kwamba hayo yote yaliishia kwenye mstari ule niliokuwa nautangaza kama kichekesho.

Ndugu msomaji, kati ya hao 402,248 sijui ni wangapi waliharibu kwa makusudi ili kuonyesha hasira, na ni wangapi walikosea kama bibi. Ila bibi namjua. Na namjua aliyepaswa kumfundisha, ni mimi. Miezi ile yote nilimpa hotuba. Nilimweleza vyama vingi vilivyorudi mwaka 1992, nikamweleza uchaguzi wa 1995 na Mzee Mkapa, nikamweleza umuhimu wa demokrasia, kama mtu anayesoma maelezo ya somo la Uraia. Sikumwambia kitu kimoja kidogo: bibi, alama ni moja tu, kwa mtu mmoja tu, ukiweka mbili zinakufa zote. Nilidhani anajua. Kosa letu wasomi lipo hapo, tunaeleza historia ya mlango na hatumwonyeshi mtu kitasa.

Na mjomba na mama mdogo nao wana fungu lao. Walimbana mama yao mpaka kwenye kibanda, mahali ambapo sheria imeweka ili awe peke yake. Kule kwetu tuna neno, kangomba. Ni yule mnunuzi anayekuja kabla ya msimu, wakati mkulima ana njaa, anachukua korosho ambazo bado ziko mtini kwa bei ya kutupa. Tunawalaani sana wa kangomba. Lakini kura ya mtu ukiichukua mapema, kwa kanga, kwa fulana, au kwa machozi ya mtoto kwa mama yake, na hiyo ni kangomba. Mkulima anaweka saini kabla hajajua bei.

Nisieleweke kwamba napinga utani wa uchaguzi. Wapo wasomi wenzetu wanaosema Watanzania tunacheka sana, kila kitu tunageuza kichekesho, ndiyo maana hatuendi mbele. Mimi niliona vijana wawili wakiachanishwa kwa maji ya vikombe. Niliona mjomba aliyeshindwa akipata njia ya kurudi mezani bila aibu. Kicheko kilifanya kazi ambayo hakuna tume ingeifanya. Ninachosema ni kwamba kicheko kinatusaidia kuvumilia matokeo, hakituhesabii. Tukishacheka, lazima mtu arudi kwenye mfuko wa saruji aangalie mstari wa chini.

Mkulima wa korosho analijua hili kuliko sisi. Chini ya stakabadhi ghalani anapeleka mzigo wake chama cha msingi, unapimwa, halafu anasubiri mnada, anasubiri watu wa mbali wataje bei. Anasubiri kwa utani mwingi sana, nenda msimu wa Oktoba ukawasikilize. Lakini haondoki kwenye mizani bila karatasi yake iliyoandikwa kilo. Anaweza kumwamini katibu, na karatasi akaichukua vilevile. Ile fomu iliyobandikwa ukutani pale shuleni, kwa mwandiko wa mwalimu wangu, ndiyo karatasi yetu. Tulipoisoma kwa tochi tulikuwa na kitu mkononi. Kuanzia pale kura zilipopanda kwenda juu, kwenye majumlisho, mwananchi wa kawaida akabaki na redio tu. Na kwa Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu, mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Kama mlango wa baadaye umefungwa, basi karatasi za mwanzo ziwe wazi: kila fomu ya kila kituo ionekane na kila mtu, ili mtu wa Nanganga ajumlishe mwenyewe, iwe kwa kompyuta au kwa mkaa. Nasema hivi nikiwa sijui kama majumlisho yangebadilika hata kwa kura moja. Mkulima naye haombi risiti kwa sababu anajua ameibiwa. Anaomba kwa sababu ni yake.

Hayo ya Katiba yana wakubwa wake. Yetu sisi wa kitivo cha elimu yapo karibu zaidi. Atakayepiga kura kwa mara ya kwanza miaka mitano ijayo akiwa na miaka 18, leo ana miaka 13. Yuko darasa la saba au kidato cha kwanza. Yaani ndiye huyo tutakayemkuta tukienda kwenye mazoezi ya kufundisha. Na sisi wenyewe tukishaajiriwa ndio tutakaosimamia vituo, ndio tutakaoandika fomu zile, na ndio watakaotuangalia kwa tochi usiku kama tumejumlisha sawasawa. Rais Magufuli alikuwa mwalimu. Waziri Mkuu wake aliyeapishwa Novemba 20, 2015, Mheshimiwa Kassim Majaliwa wa Ruangwa, ambaye njia ya kwenda lililokuwa jimbo lake inaanzia pale pale njia panda yetu, naye alikuwa mwalimu. Kwa hiyo hatuna kisingizio kwamba nchi hii haiwaelewi walimu.

Napendekeza mambo mawili madogo. La kwanza, kwenye mazoezi ya kufundisha kila mmoja wetu afanye kipindi kimoja cha kupiga kura darasani kwa karatasi, wanafunzi wachague kiranja, wahesabu, wazitenge zilizoharibika, na waeleze kila moja imeharibika kwa nini. La pili, uchaguzi wa serikali yetu ya wanafunzi ubandike matokeo kituo kwa kituo, pamoja na zilizoharibika, kabla ya kutangaza jumla. Hatuwezi kudai kwa wakubwa kitu ambacho sisi wenyewe hatujakifanya kwenye bweni.

Siku moja kabla sijapanda basi kurudi chuoni, nilikaa na bibi barazani. Nikakata kipande cha ule mfuko wa saruji, nikachora vyumba vinane, kila kimoja na sura ya mtu, sura mbaya maana sijui kuchora. Nikampa kaa la mkaa. Nikamwambia, bibi, chagua mmoja, uweke alama moja.

Akaziangalia muda mrefu. Akaweka alama moja, safi kabisa, kwenye sura ya tatu. Halafu akaniangalia.

"Na hawa wengine, mume wangu, si watakasirika?"

"Watakasirika, bibi," nikamwambia. "Ndiyo uchaguzi."